Jezi ya Firdausi

Kila jioni baada ya vipindi, Mwalimu Matano alipuliza filimbi uwanjani Mkuza, na kila jioni Firdausi alikosea kurusha mpira uliotoka nje. Aliushika kwa mkono mmoja, akanyanyua mguu wa nyuma na kuuvurumisha.

"Faulo!" alifoka mwalimu. "Utajifunza lini?"

"Huku hatupopoi mabibo!" alidakia Tunu, nahodha wa timu. Wasichana wote wakaangua kicheko. Walijua kuwa Firdausi alihamia kutoka Mzenga, alikokulia kwenye mikorosho.

Firdausi alimchukia Tunu kupita kiasi. Alitaka kitu kimoja tu, kucheza Jumamosi dhidi ya timu ya Gwata. Na kusema kweli, hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kurusha. Walichojua ni kumfokea tu.

Ijumaa Tunu, uso ameukunja, alifika nyumbani kwa Firdausi na kumkuta bibi yake mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Nimefuata jezi. Mwalimu amesema Firdausi kesho hachezi."

"Marahaba. Mwambie mwenyewe, yuko uani."

Firdausi alikuwa akitwanga kisamvu. Alikuwa amesikia kila neno. Machozi yalimtoka, akapandisha mchi juu ya kichwa na kuushusha kwa hasira mpaka kisamvu kikaruka nje ya kinu.

"Jezi iko kwenye kamba. Chukua uondoke!"

Tunu aliichukua, lakini hakuondoka.

"Mbona hapo hunyanyui mguu?"

"Nikinyanyua si nitaanguka? Una kichaa?"

"Na mikono yote miwili! Mpira ni hivyo hivyo, mshamba wee. Ila unaanzia nyuma ya kichwa."

Tunu alishika nazi iliyokuwa karibu, akamwonyesha. Firdausi akarusha, akarudia, wakigombana kila mara, hadi adhana ya magharibi.

"Nazi yangu jamani!" bibi alilalamika.

Kesho yake Tunu alimwomba mwalimu amwangalie Firdausi kwanza. Alirusha mara tatu bila kosa, akarudishiwa jezi. Katika mechi yote hakupigiwa filimbi hata mara moja, na bao la kusawazisha lilitokana na mpira aliomrushia Tunu.

Mwalimu Matano aliwaita wote.

"Wiki mbili nimemfokea Firdausi, hakujifunza kitu. Tunu amemwonyesha jioni moja, naye amekubali kurudia mpaka akaweza. Mtu akikosea, mwonyesheni, msimcheke. Firdausi, nisamehe. Tunu, na wewe?"

"Samahani," Tunu alisema, akitazama chini. "Lakini mshamba bado ni mshamba."

"Tunu!"

"Basi, mwalimu. Samahani kweli."

Firdausi hakutabasamu. Alimpa mkono, kisha akaenda kuifua jezi yake.