Sauti ya Mama Soli

Jumatatu, mchana.

Tai aliitandaza kazi mezani kama mchinjaji anavyotandaza utumbo. Zilikuwa picha za viatu, zimechapishwa kwa rangi. Viatu vya watoto. Kimoja kilikuwa na soli nene kuliko mwenzake. Kingine kilikuwa na chuma ubavuni. Kingine kilikuwa kimepinda, kwa sababu mguu wa mwenyewe nao ulipinda.

"Huyu ndiye mtu wetu," alisema. "Mama Soli. Duka lake lina mlango mmoja, lakini mtandaoni ana watu kuliko maduka ya ghorofa. Wazazi wanamwamini kuliko daktari."

Walikuwa watatu, kwenye chumba cha nyuma cha studio ya picha iliyokufa kibiashara. Pazia la maporomoko ya maji na swala wawili bado lilining'inia ukutani, limeingia ukungu. Tai aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata jua likiwaka vipi. Mwenye studio alikuwa Shemeji, mume wa dada yake Tai, mpiga picha aliyenyang'anywa mkate na simu za watu, sasa akitengeneza kurasa bandia. Wa tatu alikuwa Kasuku.

Kasuku alikuwa mwanamke mwembamba, na kipaji chake kilikuwa kimoja tu. Akikusikiliza robo saa, anaondoka na sauti yako. Alianza utotoni, akiwachekesha mashangazi kwa kumwigiza mjomba wao akihutubia msibani. Ukubwani Tai akamsikia. Tangu siku hiyo amekuwa meneja wa benki, nesi wa zamu, mke wa mchungaji. Watu wamelizwa na hawajui wamelizwa na nani.

Mpango ulikuwa mfupi. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na wazazi walikuwa mbioni kutafuta viatu. Shemeji angetengeneza ukurasa pacha wa Mama Soli, picha zilezile, nembo ileile, jina lilelile, ila herufi moja ingeongezwa mahali ambapo jicho halisimami. Alhamisi asubuhi wangetangaza nusu bei, leo tu, tuma malipo ya awali upate nafasi. Mwenye wasiwasi apige namba iliyo chini. Namba hiyo ingelia mbele ya Kasuku. Kufikia jioni ukurasa ungefutwa, laini zingevunjwa, na kila mtu angeshika njia yake.

"Wazazi wa watoto vilema," Kasuku alisema.

"Ndio wanaolipa haraka," Tai akajibu.

Shemeji alicheka kidogo. Alipoona hafuatwi, akaanza kuzikusanya picha.

Jumanne, asubuhi.

Kasuku alikwenda dukani kuchukua sauti. Duka lilinuka gundi na ngozi mbichi. Mama Soli alikuwa amepiga magoti sakafuni, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, ameshika mguu wa mtoto kiganjani huku akiuzungushia penseli juu ya karatasi. Alikuwa akizungumza na mguu, si na mtoto. Akiuliza unaumia wapi, akiuomba radhi akiubonyeza. Mtoto alikuwa anakufa kwa kicheko.

Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo, na kila sentensi aliishusha taratibu kama mtu anayetua ndoo. Kila aliyeingia, yeye alimwita "mzazi wangu".

Zamu yake ilipofika, Kasuku alijitambulisha kuwa ni shangazi wa mtoto mmoja anayelelewa na bibi yake mbali kidogo, mguu wa kushoto umegeukia ndani. Alidhani maneno hayo yangetosha. Hayakutosha. Mama Soli alitaka kujua mtoto akitembea anaburuza kidole au kisigino, akianguka anaangukia upande gani, wenzake wanamchekaje. Kasuku alijibu yote. Uongo ukaota nyama na mifupa, mpaka yeye mwenyewe akaanza kumwona yule mtoto akipepesuka uani.

Alipotoa pesa ya kutanguliza, fundi aliusukuma mkono wake.

"Mlete kwanza," alisema. "Siwezi kumtoza mtoto ambaye sijamshika mguu."

Kasuku aliondoka na alichokijia. Njiani alikuwa anairudia sauti ile kimoyomoyo, kama kazi yake inavyotaka, na kwa mara ya kwanza kazi ikamchefua.

Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Ukurasa ulipanda mtandaoni. Chai ya Shemeji haijapoa, simu ya kwanza ikaita.

Baada ya hapo hazikukoma. Kasuku alikaa chini ya swala wa pazia, akashusha kifua, akawa Mama Soli. Alimpa pole mama wa mapacha. Alimhakikishia bibi mmoja kuwa nafasi ya mjukuu wake ipo. Kila mmoja alitaka kueleza mguu wa mwanawe kwa kirefu, tangu siku aliyozaliwa, na yeye alipaswa kusikiliza, kwa maana asiyesikilizwa hatumi pesa. Tai alikaa upande wa pili wa meza akila mayai ya kuchemsha, moja baada ya jingine. Ujumbe wa malipo ukiingia alipiga mluzi na kiini mdomoni. Baina ya simu aliwaigiza wapigaji, hasa yule bibi, na alikuwa haigizi vizuri.

Kisha akapiga baba mmoja, fundi ujenzi, kelele za mchanga na chepe nyuma yake. Binti yake angeanza shule Jumatatu. Hakuuliza bei. Aliuliza kama kile chuma kinaweza kufunikwa, wenzake wasikione.

"Kitafunikwa, mzazi wangu," Kasuku alimwambia. "Hakuna atakayekiona."

Yule baba alishukuru mpaka akaishiwa maneno. Alituma pesa simu ikiwa hewani bado. Tai akapiga mluzi.

Kasuku aliinuka akaenda kwenye sinki ambalo Shemeji zamani aliogeshea picha. Alisukutua mara kadhaa. Ladha ilikuwa palepale, kama sarafu ya shaba chini ya ulimi. Tai akamwita arudi, simu inaita.

Saa tano.

Kasuku alipokea bila kutazama. "Karibu, viatu vya watoto, Mama Soli anaongea."

 Shemeji, aliyekuwa ameinamia kompyuta, alinyanyua kichwa uso umemshuka. Mama Soli wa kweli alikuwa hewani mtandaoni, moja kwa moja, dukani kwake, na kando yake walisimama wazazi wawili waliofika kuchukua nafasi walizolipia. Alikuwa na simu sikioni.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema simuni. Muda mfupi baadaye kompyuta ikayarudia maneno yaleyale.



"Nakujua," Mama Soli aliendelea, bila kupaza sauti. "Wewe ndiye yule shangazi wa Jumanne, uliyekuja bila mtoto. Hebu niambie, yule mtoto yupo?"

Kasuku alifungua mdomo. Alitafuta sauti ya kujibia, akakuta aliyonayo ni ya mwenyewe anayeuliza.

"Nilimtengea ngozi," Mama Soli alisema. "Ile laini, ilibaki kipande kimoja. Jana nimemnyima mtoto wa mtu."

Tai aliipokonya simu akaikata. Lakini kwenye kompyuta yule mama aliendelea, sasa akiwatazama watu wake. Aliwaambia kuwa namba yake ni moja tu, ile iliyopakwa rangi juu ya mlango tangu duka lifunguliwe. Hana nusu bei. Hachukui pesa kabla hajashika mguu, na atakayeidai mapema si yeye, hata akiongea kama yeye. Aliwaomba wauripoti ule ukurasa pale pale. Waliotuma pesa wasione haya, waje na ujumbe wa malipo. Alilisoma kwa sauti jina la laini iliyopokea, akalirudia. Kampuni ya simu alishaipigia, na polisi alisharipoti.

"Hili jina mji mzima sasa unalo," Shemeji alisema. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kuokota.

Tai hakubabaika. Alisema mawakala hawana muda wa kuangalia video. Pesa bado ipo, ila haitakuwepo kwa muda mrefu, kwa hiyo Shemeji akimbie kwa wakala wa stendi akatoe kinachotoka. Shemeji aliuliza kwa nini yeye. Tai alimshika bega, akamwambia kwa sababu ni ndugu. Shemeji akatoka.

Mlango ulipofungwa, Tai akatoa kwenye soksi laini nyingine, kadi ndogo kama ukucha. Tangu asubuhi alikuwa akihamishia humo sehemu kubwa ya pesa. Hakuna aliyejua, hata Shemeji.

"Weka kwenye kilemba," alimwambia Kasuku. "Hakuna anayempekua mwanamke kichwani. Ukitoka wewe, mzigo umetoka."

"Na Shemeji?"

"Wakiwa wanahangaika naye, sisi tunapita."

"Ni mume wa dada yako."

"Dada atapata mwingine." Alisema hivyo akiinyoosha tai yake mbele ya kioo cha studio. Kwenye ndevu zake kulikuwa na kipande cha kiini cha yai.

Kasuku alimtazama kiooni, akajitazama na yeye pembeni yake. Waliwekwa kwenye fremu moja kama watu wa familia. Akaipokea kadi.

Saa sita kasoro.

Hawakufika uani. Askari kanzu watatu waliingia na mlango wa mbele, mmoja akaruka ukuta wa nyuma. Shemeji alikuwa hajatoa hata senti. Wakala alilijua lile jina, akapiga kelele, na stendi nzima ikamwangukia. Askari walimkuta chini, damu mpaka kwenye viatu, meno yake mengine mchangani. Kabla ya kubebwa kupelekwa hospitali alitamka mambo mawili tu: Tai, na studio.

Tai aliinua mikono kwa ustaarabu. "Mimi sawa," alisema. "Huyu dada mwacheni. Ni mteja, kaja kupiga picha ya pasipoti."

Aliposema hivyo alimtazama Kasuku. Hakumtazama kama mtu. Alimtazama kama mtu anavyotazama kabati alilolifunga mwenyewe.

Walimchukua na yeye hata hivyo.

Ukumbi wa kituo ulijaa wazazi. Wengine walikuwa na watoto mgongoni, wote wameshika simu mikononi kama watu walioleta ushahidi wa maiti. Afande wa zamu alisema Mama Soli yuko njiani, ila duka limemfurika na hajulikani atafika lini. Alimtazama Kasuku, hakuona cha kumshikia. Ili asionekane hajafanya kazi, akamwita mmoja wa wazazi, mwanamume mwenye saruji kwenye kope.

"Wewe uliongea na yule mwanamke wa simu muda mrefu. Msikilize huyu." Akamgeukia Kasuku. "Sema kitu."

Kasuku alilitaja jina la mtaa anakoishi. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, isiyo na chochote. Ilikuwa siku nyingi hajaitumia kwa jambo la maana.

Yule baba alitikisa kichwa papo hapo. "Siye. Yule alikuwa mama mtu mzima, mwenye huruma. Huyu mnamwonea." Akamgeukia. "Pole, dada. Nenda zako nyumbani, wala usiwe na kinyongo na sisi. Tumechanganyikiwa tu."

Afande aliufungua mlango mdogo wa kaunta. Nje kulikuwa na jua, na barabara, na watu wakipita na mambo yao. Kwenye benchi, Tai alikuwa ameinamisha kichwa akijifanya anachunguza kucha. Kadi ilimkwaruza Kasuku juu ya sikio. Hatua chache tu, na pesa yote ingekuwa yake, hata fungu la Tai, hata la Shemeji.

Neno "pole" ndilo lililomshinda. Angeweza kubeba matusi. Hili alilisikia likishuka tumboni na kukutana na mengine yote aliyoyameza tangu asubuhi, na akajua kuwa akitoka nalo atalitapika maisha yake yote.

Akaufungua upande mmoja wa kilemba. Akaiweka kadi juu ya kaunta. Tai akainua kichwa.

"Ni mimi, mzazi wangu," alisema, na ukumbi mzima ukageuka, maana aliyesema alikuwa Mama Soli. "Pesa yako iko humu, na ya wenzako. Sina kiatu cha binti yako. Sikuwahi kuwa nacho."

Yule baba hakumpiga. Hakumtukana. Alirudi nyuma hatua moja, akauvuta mkono wa shati lake juu ya kiganja, akaanza kulifuta sikio lake, lile aliloliwekea simu asubuhi. Alilifuta kwa nguvu, kwa muda mrefu, huku akimwangalia.

Afande akaufunga mlango wa kaunta, akavuta kiti.

"Kaa," alisema. "Na uongee kwa sauti yako."