Usimfuate Shimoni

Majira ya baridi, nyumba yetu kule Sichuan, Uchina, ilinuka achari tupu. Mpaka leo nikiisikia harufu ile, naikumbuka mikono ya Bibi. Kila asubuhi kabla ya shule nilimwoshea majani ya haradali, naye akayapanga kwa chumvi katika shimo la saruji uani, refu kupita kimo cha mtu.

Mwaka ule Shangazi Ruolan alikuja likizo na kompyuta yake. Kazi yake ilikuwa kuilisha ripoti za ajali za kemikali, maelfu kwa maelfu, ili imwonyeshe maneno yanayotokea pamoja.

"Unalipwa kusoma vifo?" Baba Mdogo Dagui alimtania. "Njoo ukanyage mboga, dada!"

"Cheka tu," Shangazi alisema, kisha akanigeukia. "Ripoti nyingi husema 'uzembe', basi. Neno hilo halinifundishi kitu. Lakini kwenye ajali za mashimo na matangi, jirani ya 'alifariki' nakuta 'alishuka kumwokoa'. Hewa ya sumu, hata ya vitu vinavyooza tu, humwangusha mmoja, ndugu zake wanamfuata."

Siku chache baadaye, Baba Mdogo alishuka katika shimo letu la pili kutoa mboga zilizooza tangu kiangazi. Mara akanyamaza. Baba alichungulia, akamwona amelala chini ya ngazi.

"Dagui!" Akavua koti ashuke.

Nilimng'ang'ania kiunoni. "Baba, usishuke! Kuna hewa mbaya!"

"Niache! Ni mdogo wangu!" Akanizaba kofi. Sikumwachia. Niliogopa mno, nikapiga kelele mpaka Shangazi akatoka mbio na feni, akaielekeza shimoni huku akiwapigia simu zimamoto. Kituo chao kilikuwa mtaa wa pili. Walishuka na vinyago vya hewa, wakampandisha Baba Mdogo akiwa bado anapumua.

Jioni, hospitalini, Baba Mdogo alifumbua macho, akauliza kama mboga zimeharibika. Tulicheka huku tunalia.

Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alinimenyea chungwa, akalitazama shavu langu lililovimba.

"Wale wa kwenye ripoti za shangazi yako hawakuwa wajinga," alisema. "Walipenda ndugu zao, kama mimi. Ukimwona mtu ameanguka shimoni, mwanangu, baki juu, piga kelele, ita wenye vifaa. Huo si woga. Ningeshuka mimi, leo Bibi yako angezika watoto wawili."