Masharti ya Kuingia

Kila asubuhi kabla ya masomo, Masika alichota maji, akafagia vumbi jeusi la mawe ya volkano mlangoni, kisha akampelekea mpangaji wao chai. Mpangaji huyo, Papa Onésime, alikimbia vita vya huko Rutshuru na valizi moja tu ya nguo. Watu walimwita Docteur. Lakini mtoto wa jirani aliposhikwa na homa, yeye alisema tu apelekwe kituo cha afya. Docteur gani anashindwa na homa? Masika hakumwamini hata kidogo.

Siku moja mvua ilipiga mabati kwa nguvu. Kupitia ukuta wa mbao, Masika alimsikia akiongea na Rosine, dada yake mkubwa. Maneno yalifika vipande vipande: "Nilisoma uhalifu miaka mingi... Si kila mutu anaingia... Ulete watu wawili wanaokujua vizuri."

Masika akajijibu mwenyewe. Kumbe ni mkubwa wa wezi, na anamwingiza Rosine kwenye kundi.

Kesho yake, kwenye bomba, alimnong'oneza rafiki yake Héritière, akamwomba asiseme. Asiseme wapi! Siku chache baadaye duka la jirani yao Papa Kamate lilivunjwa, na asubuhi watu wakajaa uani. Walipiga kelele: Docteur wa wezi atoke, arudi alikotoka. Papa Kamate alishika fimbo.

Papa Onésime alitoka miguu mitupu. Hakujitetea. Alimuuliza tu Papa Kamate, "Muzee, uliona ao ulisikia?"

"Nilisikia."

Alisikia kwa nani? Kwa jirani mwingine, Mama Julienne. Naye Mama Julienne? Kwa Héritière. Héritière akanyoosha kidole. Macho yote yakamwangukia Masika. Angeweza kukana. Lakini aliitazama ile fimbo, akamtazama Papa Onésime.

"Ni mimi nilisema," akajibu. "Na mimi pia sikuona. Nilisikia vipande, mvua ikinyesha."

Akavirudia mbele ya wote. Rosine alishindwa kuzuia kicheko, kisha akakasirika. Docteur huyu si munganga wa kutibu wagonjwa, akaeleza. Alisoma sheria, akapata licence, shahada ya kwanza, halafu doctorat, shahada ya juu kabisa, ya criminologie, yaani elimu ya kuchunguza kwa nini watu wanaiba na kuua, ili wazuiwe. Rosine mwenyewe anataka kuendelea na masomo ya juu. Chuo kinadai licence yenye alama nzuri, mada ya utafiti, na maprofesa wawili wanaomjua wamtolee ushuhuda.

"Basi wezi wenyewe ni maprofesa," akasema Mama Julienne. Watu wakacheka. Papa Kamate aliificha fimbo mgongoni, akaomba radhi.

Masika alipiga magoti mbele ya mpangaji. Papa Onésime akamwinua. "Umesema ukweli mbele ya watu wenye fimbo," alimwambia. "Wakubwa wengi wanashindwa."

Mama yake hakumsifu. Alingoja uani pabaki patupu. "Bunduki zilimufukuza huyu muzee kwake," akasema. "Sisi tulitaka kumufukuza kwa mudomo tu. Mwanangu, kitu hujaona, usikitolee ushahidi."