Mkono Kwenye Kioo cha Mashine

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Mama Kopi aliisalimu mashine yake ya kutolea kopi. Aliweka kiganja chake juu ya kioo, akabonyeza kitufe, akatazama kama karatasi imetoka safi. Mazoea hayo aliyarithi kwa marehemu mumewe, aliyelifungua duka lile na kuliendesha mpaka siku moyo ulipomgomea amesimama palepale, nyuma ya kaunta. Wateja walimcheka. Mashine gani hiyo inasalimiwa kama mama mkwe? Yeye alijibu kwamba mtu humsalimu anayemlisha, akaendelea na kazi yake.

Asubuhi moja karatasi ilitoka na viganja viwili.

Cha kwanza kilikuwa chake, kimekolea, na mistari yake yote. Cha pili kilikuwa kikubwa, kimefifia, kimelala ubavuni mwa cha kwanza. Kidole chake cha pete kilikuwa kifupi. Hakikuwa na ncha.

Mwingine angeliacha duka wazi akatimua mbio. Mama Kopi alikaa kwenye kiti akalia kwa furaha, maana kidole kile alikijua. Mumewe alibanwa na mlango utotoni, ncha ikabaki mlangoni. Aliikunja karatasi, akaitia kifuani, na siku nzima aliwahudumia watu huku akitabasamu peke yake.

Wateja ndio waliolalamika. Barua zao zilikuwa na kivuli. Basi akaitwa Fundi, rafiki wa marehemu, mtu mwenye maneno mengi na bisibisi chache. Aliifungua mashine ubavuni, akaangaza tochi.

"Wala si ajabu, shemeji," alisema. "Unaiona hii dramu, hili bomba linalong'aa? Kwanza inapigwa chaji. Si ya kukuua, ni ile ya kusimamisha vinyweleo. Halafu mwanga unapita, picha inakaa juu yake. Unga wa wino unakuja kunata palipo na picha. Kisha unahamia kwenye karatasi, karatasi inapitishwa kwenye moto, na ikishapata moto, basi, haifutiki tena. Yale yaliyobaki kwenye dramu yanafutwa na huu wembe wa mpira, yanaangukia kwenye kopo la taka. Dramu inabaki tupu, kama haijawahi kumwona mtu. Sasa wembe wako umechoka. Haufuti. Ya jana yanatokea leo."

"Na ya mwaka jana?" Mama Kopi aliuliza polepole.

Fundi akacheka, kisha akauona uso wake, akaacha kucheka. "Nikuwekee wembe mpya?"

"Uache hapo mezani. Nitakuita."

Hakumwita. Badala yake alifanya jambo ambalo kila fundi hulikataza na kila mwenye duka huwahi kulifikiria: alilitoa kopo la taka, akafunga kitambaa puani, akaurudisha ule unga uliokwisha kufutwa ndani ya mashine, kijiko kwa kijiko. Kopo lile halikuwa limemwagwa tangu mumewe yuko hai. Ndani yake, aliwaza, kilikuwamo kiganja chake cha mwisho.

Kivuli kilifurahi. Baada ya kiganja ulitokea mkono, kisha bega, kisha sikio na taya. Mama Kopi alianza kufunga duka mapema ili abaki na mume wake. Aliisimulia karatasi habari za nyumbani. Hakumwambia mtu, na kusema kweli, hakuwa amepata furaha kama ile tangu mazishi.

Alikuwa na binti mmoja, ambaye baba yake alimwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyotuna kidogo kwenye shavu lake la kushoto. Kila asubuhi mama alimbusu hapo, amefumba macho, wala hakukosea hata siku moja. Mchana, akitoka shule, mtoto alifanyia kazi zake za shule dukani, nyuma ya mashine.

Siku moja umeme ulikatika mtaa mzima. Mama alitoka nje kuwauliza majirani. Aliporudi, mashine ilikuwa ikinguruma, na mwanga wa kijani ulikuwa ukitembea polepole chini ya shavu la mwanawe, aliyelaza uso juu ya kioo.

"Kidoti! Unafanya nini?"

"Baba kaniambia niweke uso," mtoto alinong'ona bila kuinuka. "Kasema nifumbe macho."

Karatasi ilitoka nyeupe. Haikuwa na uso, haikuwa na kivuli, haikuwa na kitu.

Tangu hapo mambo yalikwenda haraka. Nywele za Kidoti zilisimama na kukataa kulala, na mama alipomgusa, cheche ilimchoma vidoleni. Chumba chao, nyuma ya duka, kikawa na harufu kali kama ya hewa iliyopigwa na radi. Kisha ukaja unga mweusi: kwenye mto, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo. Waliuosha, ukarudi. Mwishowe ikaja homa, na dawa za hospitali hazikuishusha. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, akaja kuuguza.

Ni Bibi aliyezikuta zile karatasi chini ya godoro.

"Nani huyu?"

"Mwanao, mama," Mama Kopi akajibu, akiona haya na fahari pamoja.

Bibi alizisogeza dirishani, akazitazama moja moja. "Mwanangu alikatika kidole cha mkono wa kushoto. Mimi ndiye niliyemfunga. Huu ni mkono wa kulia. Umelala na mume wako miaka yote hiyo, hukuona?"

Aliona. Aliona tangu asubuhi ya kwanza, lakini hakutaka kuona.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Mwite huyo fundi wako."

Fundi alizitazama karatasi. "Shemeji," alinong'ona, "kwenye dramu picha hukaa kinyume. Kulia kunakuwa kushoto. Aliyeuchora mkono huu hakumwona marehemu kutoka upande wetu. Alikuwa akimtazama kutokea ndani."

Mama Kopi alimgeukia mwanawe kitandani: nywele zile, unga ule, homa ile. "Chaji," alisema. "Mwanga. Unga. Sasa moto. Imebaki kufutwa tu. Jitu hili linataka kumfuta mwanangu!"

"Basi tulizuie mapema," Fundi akasema. "Dramu haistahimili jua. Ikianikwa, imekufa, na kilichomo kimekufa."

Waliingia dukani saa sita mchana, mashine imechomolewa ukutani na bado inanguruma, na Fundi alipoufungua ubavu wake ile harufu ya radi iliwapiga usoni, na sauti ya mume wake, sauti ileile ya kuombea chai, ikasema kutoka ndani, mke wangu, usinifute, usinifute mara ya pili, naye Mama Kopi akasimama akilia huku Bibi amemshika mabega na kumsomea dua sikioni, mpaka Fundi akaichomoa dramu na wote watatu wakakimbia nayo uani, wakailaza juu ya saruji, kwenye jua kali.

Unga ulianza kutembea juu yake. Ulikusanyika, ukachora kiganja. Hakikuwa cha mwanamume. Kilikuwa kidogo, vidole vyote vitano vimetimia, kimejikaza kama kinachosukuma mlango.

"Mama," ilisema sauti nyembamba. "Mama, mimi."

"Usisikilize!" Fundi alipiga kelele. "Ni hila zake hizo!"

Mama Kopi aliuchukua wembe mpya wa mpira, ule aliouacha Fundi mezani, akaifuta dramu kwa mkono wake mwenyewe, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole. Na papo hapo, kutoka chumbani, Kidoti akaita kwa sauti ya mtu mwenye afya kwamba ana kiu.

Homa ilikuwa imetoka. Nywele zililala, unga haukurudi, na mtoto alikula sahani mbili. Bibi alipiga vigelegele. Fundi aliivunja mashine kwa nyundo, akaiacha dramu uani iendelee kupata jua.

Asubuhi Mama Kopi aliinama kitandani, akafumba macho, akambusu binti yake palepale alipombusu siku zote. Midomo yake ikagusa ngozi laini. Akafumbua macho. Alama ilikuwa kwenye shavu la kulia.

"Mbona unanitazama hivyo, mama?" mtoto aliuliza, akinyoosha mkono wa kushoto kumpangusa mama yake machozi.

Homa ilikuwa moto, na moto ulikuwa umekwisha kumgandisha huyu wa kitandani, aliyekuwa kopi tu. Kilichobaki kwenye dramu ndicho kilichokuwa mwanawe, na aliyekifuta ni yeye. Mama Kopi alikimbilia uani bila viatu, akapiga magoti, akaiinua dramu kwa mikono miwili. Ilikuwa safi, inang'aa, kama haijawahi kumwona mtu.