Bodi Iliyotoka kwa Saini

Kila asubuhi Sindano alimtia mama yake matone ya macho. Jicho la kulia, la kushoto, kisha mama alifumba na kuhesabu kwa sauti hadi sitini.

Siku hiyo alifika thelathini na mbili.

Simu ikalia.

"Friji ya bibi imeharibika," sauti ilisema. "Anataka fundi saa tatu."

"Niko njiani."

Mama hakufumbua macho. "Kazi?"

"Kazi, mama."

"Kaka yako naye hakuwahi kunisikia nikifika sitini."

Sindano alimbusu kwenye paji la uso na kutoka. Miezi kumi na minne iliyopita alimwambia mama huyu kwamba kaka alianguka kwenye shimo la lifti kazini. Idara ya ujasusi aliyoitumikia Sindano ilijua kuwa alisukumwa, na ilijua ni nani. Ikamwamuru anyamaze hadi ushahidi upatikane. Akanyamaza.

Bastola yake ya Glock aliiacha kwenye droo.

Leo silaha ilikuwa bisibisi.

Garini, mkuu wake waliyemwita Mjomba alimkabidhi boksi.

"Jana tuliwapandishia umeme ghafla kule alikokufa kaka yako. Bodi kuu ya seva yao imeungua. Fundi waliyemwita yuko ofisini kwetu, anakunywa chai. Utaenda wewe."

"Na diski?"

"Nzima. Uwanjani kwao kuna makontena elfu nne. Ishirini yana makombora, na orodha iko ndani ya seva hiyo tu. Wanunuzi wanafika saa tano. Tukivamia sasa, Mkurugenzi wao ataiponda chipu ya ufunguo, na diski hazitafunguka milele. Nitolee chipu kwanza."

"Na yeye mwenyewe?"

"Usimwambie neno. Umenisikia? Hata moja."

Kusikia, alisikia.

Getini walimpekua hadi soksi. Walihesabu bisibisi zake: sita. Walipompeleka kwenye lifti alisema anapenda ngazi.

Chumba cha seva kilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Mkurugenzi alimsubiri akinukia manukato, tabasamu pana. Kando yake alisimama mtaalamu wake wa kompyuta, waliyemwita Miwani, na karatasi mkononi.

"Binti, wewe mwembamba hivi utalibeba dude hili?"

"Silibebi, mzee. Nalivuta."

Mkurugenzi akacheka. "Haya, livute. Nina wageni saa tano."

Alichomoa nyaya za umeme, akavaa kamba ya kuzuia umeme tuli kwenye kifundo cha mkono, akaivuta seva kutoka kabatini. Ikateleza kwenye reli zake kama droo. Akafungua kifuniko.

Akazitazama nyaya.

Kila waya ulifungwa kwa uzi mweupe, mafundo mawili, na juu ya kila fundo palikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha. Rangi yake mwenyewe. Aligombana na kaka wiki nzima kwa sababu ya kile kichupa alichomchukulia.

"Vipi, fundi?"

"Nyaya zimefungwa vizuri. Kazi ya nani?"

"Kijana mmoja tuliyekuwa naye. Mdadisi sana." Mkurugenzi alitazama saa yake. "Alianguka, maskini."

Alilitamka lile "maskini" kama anayefuta kiatu.

Bisibisi ilikuwa mkononi. Shingo ya mtu yule ilikuwa hatua mbili tu.

*Hata neno moja.*

Sindano akainama, akafungua skrubu ya kwanza.

Kadi zikatoka. Memori zikatoka. Prosesa ikatoka, akaifuta grisi kuukuu ya kupoza joto, akaipaka mpya. Akainua bodi iliyoungua, akaweka mpya mahali pake, akarudisha kila kitu.

Kila kitu, isipokuwa kimoja.

Miwani akaanza kukagua.

"Prosesa?"

"Imehama."

"Memori nane?"

"Zihesabu."

Akazihesabu. "Kadi za mtandao?"

"Zote mbili."

"Nambari ya mashine?"

"Nimeiingiza kwenye bodi mpya."

Miwani akageuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Jasho lilimteremka Sindano mgongoni, ndani ya baridi ile.

"Basi, bosi. Imekamilika."

Chipu ya ufunguo, ndogo kama ukucha wa mtoto, ilikuwa bado imekaa kwenye bodi iliyoungua. Aliyeipachika pale alikuwa kaka. Mtu pekee ambaye angewakumbusha kuihamisha, walikuwa wamemzika.

Akawasha. Taa zikawaka kijani, moja baada ya nyingine.

"Diski zinajikagua. Nusu saa, msiguse kitu." Akaitia bodi mbovu kwenye boksi la ile mpya. "Kifaa kibovu hurudi na fundi. Ndiyo masharti ya dhamana."

Mlangoni mlinzi akaweka mkono kifuani mwake. "Hakitoki kitu humu bila saini ya bosi."

Sindano akamnyooshea Mkurugenzi fomu ya dhamana.

Mkurugenzi akasonya, akachomoa kalamu ya Bic kutoka mfuko wa mlinzi, akasaini fomu bila kusoma.

"Mwache apite na takataka zake."

Sindano alishuka ngazi taratibu. Barabarani akamkabidhi Mjomba boksi, akavaa kidude cha mawasiliano sikioni, akaendelea kutembea.

Saa yake ya Casio ilionyesha saa tano kasoro dakika tatu simu ilipolia.

"Fundi! Mashine inadai ufunguo! Wageni wako hapa!"

"Usizime. Usichomoe diski hata moja. Nakuja."

Magari manne meusi yalimpita kwa kasi kuelekea getini. Akasikia kwenye simu mlango ukivunjwa, kelele, kiti kikianguka. Kwenye kidude cha sikioni Mjomba akasema, "Diski tunazo. Wanunuzi tunao. Kata simu, Sindano."

Hakukata.

"Wewe nani?" Mkurugenzi alikuwa anahema. "Nani amekutuma?"

Akasimama kandokando ya barabara. Sauti yake ilitoka ndogo, kama kawaida yake, lakini haikutetemeka.

"Yule kijana hakuanguka. Ulimsukuma. Mimi ni dada yake, na sasa hivi naenda kumwambia mama."