Nyama ya Suluhu Iliyoliwa na Upande Mmoja

Kila asubuhi Safiyo alikamua maziwa ya watu wawili. Alikunywa yake. Mengine yaliganda, kwa kuwa Ebla, bintiye wa pekee, hakuja tena.

Ulikuwa mwaka 1926, huko Wajir. Ebla alikuwa ameolewa katika ukoo jirani, watu wa Hadado. Baada ya harusi, watu wa Hadado walipigania visima na ukoo wa Safiyo, wakashindwa. Wazee washindi walichinja ngamia, wakala nyama ya suluhu peke yao, wakagawa visima. Walioshindwa waliletewa habari tu: chenu ni kile cha maji ya chumvi. Hata mtoto wa mfugaji anajua kuwa nyama ya suluhu huliwa na pande zote mbili. Watu wa Hadado walihama kwa hasira, na Ebla pamoja nao. Mwaka ukapita. Upweke ulimtafuna Safiyo mpaka akawa anazungumza na mbuzi.

Siku moja alikwenda kununua majani ya chai kwa Kerrow, mwenye duka. Kerrow aliwahi kuishi Adeni, na alisoma magazeti ya Kiarabu.

"Abaayo, dada yangu, mbona umekonda?"

"Amani imenikondesha," alisema Safiyo. "Wazee wanasema ni amani. Mwanangu yuko wapi?"

Kerrow alimvutia gunia akae.

"Hata wakubwa wa dunia walikosea hivyo," alisema. "Dola ya Waturuki ilishindwa katika vita vikuu. Mwaka 1920 washindi waliigawa huko Ulaya: huku Wafaransa, huku Waingereza, huku Wagiriki, huku Waitalia. Wajumbe wa Sultani wa Waturuki waliitwa watie sahihi, si wajadiliane. Ule ndio mkataba wa Sevres."

"Wakakubali?"

"Wajumbe walitia sahihi. Waturuki wengi walikataa, wakashika bunduki. Damu ikazidi kumwagika. Mwaka 1923 ikabidi kuandika mkataba mwingine, mjini Lozani. Safari hii Waturuki waliketi mezani, na mkataba huo ungalipo."

"Basi kila mtu aliridhika?"

"Hapana, walahi. Waarmenia na Wakurdi, waliokuwa chini ya dola hiyo, waliahidiwa mengi katika ule wa kwanza. Katika wa pili hawakupewa nafasi ya kusema, wakatoka mikono mitupu."

Safiyo alisahau majani yake ya chai. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake Abdow, mzee wa ukoo.

"Abdow, waiteni watu wa Hadado."

"Tulishinda. Mshindi ambembeleze aliyeshindwa?"

"Kiangazi kikija watarudi na mikuki. Wana wako wawili ndio watakaotangulia vitani."

Kesho yake Abdow alituma wajumbe.

"Na wanawake walioolewa huku na huku?" Safiyo aliuliza. "Nao waitwe waseme." Hakuondoka mlangoni pa Abdow mpaka alipokubaliwa.

Pande zote mbili, wanawake nao, walibishana siku nne visimani; Ebla alikuwa amebaki kambini na mifugo. Mwishowe kila upande ulipewa zamu ya maji matamu na zamu ya maji ya chumvi. Ngamia akachinjwa, wakala wote.

Zamu ya kwanza ya Hadado ilipofika, Ebla alikuja na mbuzi wake. Mgongoni alibeba mtoto.

"Huyu ni nani?" aliuliza Safiyo.

"Mjukuu wako, Anab. Ana miezi saba."

Safiyo alimpokea mtoto, akalia kwa ajili ya ile miezi saba aliyoikosa.