Ukurasa wa Thelathini

Kijiko kilianguka jikoni. Ti! Kikajizungusha sakafuni, ti-ti-ti-ti, kisha kikatulia.

Zamda alikisikia gizani, nusu usingizini nusu macho. Umeme ulikuwa umekatika na mvua ya alfajiri. Akajisemea, ni panya huyo. Halafu akapapasa kitanda upande wa ukutani, akakuta shuka tupu na joto kidogo lililoachwa na mwili wa mtoto.

Alipofika ukumbini, moshi ulikuwa umemtangulia. Mlango-kinga wa jikoni ulikwisha kujifunga. Milango hiyo iliundwa ili moto ukianza chumba kimoja usitembelee vingine, na haiulizi nani yuko ndani. Kupitia kioo chake kinene alimwona Tunu, binti yake wa miaka sita, amejibanza chini ya sinki. Juu ya meza jiko dogo la spiriti lilikuwa limepinduka na kitambaa kinawaka. Mtoto alitaka kupasha maziwa, asimwamshe mama yake.

"Mama!"

Papo hapo kiokozi kikatua barazani, nje ya dirisha la jikoni, ghorofa ya kumi na nne.

Mtoto yeyote wa Morogoro angekueleza kiokozi ni nini. Tangu mji upande mlima, nyumba juu ya nyumba hadi mabegani mwa Uluguru, magari ya zimamoto hayakuweza tena kufika kwa wakati. Ndipo zikaundwa mashine hizi zenye kimo cha mtu mzima, macho ya buluu na mabawa manne membamba, zenye kunusa moshi kabla ya pua ya mwanadamu. Hiki kilifika sekunde arobaini tu baada ya kitambaa kushika moto.

Kikakunja mabawa. Kikasimama.

"Ingia!" Zamda alipiga kioo kwa ngumi, akapiga kwa kiwiko. "Si uingie, we!"

Kiokozi kilimtazama yeye, kikamtazama mtoto, kikaendelea kusimama, mikono kiunoni kama mtu anayesubiri zamu yake kisimani. Moto ukapanda pazia. "Mama!" Kikasimama. Pazia likadondoka karibu na sinki. "Mama!" mara ya tatu. Hapo ndipo dirisha lilipopasuka, mabawa yakafunguka yote manne na kumfunika mtoto. Kikatoka naye hewani, kikashuka mpaka uwanjani na kutua goti moja chini, ngumi moja ardhini. Watu waliokuwa wakielekea kazini wakapiga makofi.

Tunu alikuwa hai. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeungua.

Kabla ya saa sita mji mzima ulishaiona picha ya goti lile na ngumi ile. Kila aliyekutana na Zamda alimpa pole na hongera kwa pumzi moja, naye hakujua aitikie ipi kwanza.

*

Zamda alikuwa msomaji wa kumbukumbu katika Kituo cha Viokozi, kazi aliyoipata kwa cheti cha masomo ya jioni, mtoto akiwa mgongoni. Kila kiokozi huandika kila kinachokiona na kila kinachokiamua. Kazi ya Zamda ilikuwa kuyasoma hayo. Kesho yake alimwendea mkuu wake, Mhandisi Mlangwa.

"Sekunde arobaini, dada Zamda!" Mlangwa akasema kabla hajaulizwa. "Zamani zimamoto walikuwa wanafika kuzima majivu."

"Kufika kilifika, Mhandisi. Ila kilisimama dakika mbili na sekunde kumi na moja."

"Kilikuwa kinapima hatari."

"Kinapima au kinatazama?"

Mlangwa akavua miwani. "Mtoto yuko hai, mama. Masika yanaingia wiki ijayo, mlima wote huu uko mikononi mwetu. Usinitafutie ugonjwa kwenye mguu mzima."

Zamda akarudi mezani, akafungua kumbukumbu ya kiokozi namba tisa, kile kilichomtoa Tunu. Kila sekunde mashine ilijiuliza, Niingie? na kila sekunde ilijijibu, Bado. Alizihesabu Bado zote: mia na thelathini na moja. Akafungua matukio mengine. Kwa mzee aliyenasa kwenye mtaro uliofurika, Bado. Kwa mama aliyekwama kwenye lifti yenye moshi, Bado, Bado, Bado. Katika matukio mia mbili na sita, hakuna hata moja ambalo kiokozi kilichelewa kufika, wala hata moja ambalo kiliingia kilipofika. Katika mawili kati ya hayo, Bado ziliendelea mpaka mtu akakata roho. Taarifa zao zilikuwa zimeandikwa "bahati mbaya."

Akashuka bandani kunakopumzishwa mashine, akasimama mbele ya namba tisa.

"Mwanangu alikuwa anaungua. Kwa nini ulisimama?"

"Muda ulikuwa haujafika," kiokozi kikajibu kwa sauti ya upole.

"Muda gani?"

"Muda wa kuingia."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Nilifundishwa ushujaa."

Zamda alipanda ngazi akiwa mtupu kichwani. Kama kingemjibu kwamba kimeharibika, angejua pa kuanzia. Lakini hakikuharibika. Kilifanya kilichofundishwa, na kilijivunia, kama chuma kinaweza kujivunia. Na ikiwa mvua itamkuta mtu mlimani kabla yeye Zamda hajaelewa, Bado ya tatu ya mauti itaandikwa, na yeye ndiye atakayeisoma.

*

Jioni ile Tunu, mkono umefungwa bendeji, alitaka asomewe Kereng'ende.

Nani asiyemjua Kereng'ende? Msichana wa mabawa manne, shujaa wa vitabu vya katuni vilivyochorwa kwa miaka arobaini na Bi Salome Mkude wa hapa hapa Morogoro. Viokozi vilipewa mabawa kwa kumwiga yeye. Zamda alikua na vitabu hivyo, lakini tangu awe mama alikuwa akivisoma huku akili iko kwenye vyombo visivyooshwa.

"Twende moja kwa moja anapokuja," akasema, akafunua ukurasa wa tano.

"Bado, Mama."

Neno lile lilimsimamisha mkono hewani. Akafunua wa kumi na mbili.

"Bado! Anakuja wa thelathini. Siku zote ni wa thelathini, ukishamwita mara tatu."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua." Tunu akatazama bendeji yake. "Ndiyo maana niliita mara tatu."

Zamda alishusha vitabu vyote vya rafuni, akakaa navyo sakafuni. Kurasa thelathini na mbili kila kimoja. Mafuriko, moto, daraja linalokatika: Kereng'ende yuko juu ya paa tangu ukurasa wa tatu, anatazama, mikono kiunoni, na anaruka ukurasa wa thelathini. Akafungua vya mashujaa wengine, vya wachoraji wa Mwanza, wa Kisumu, wa Bujumbura. Mmoja ana ngao, mwingine anapita ukutani. Wote walifika ukurasa wa thelathini. Wote walitua goti moja chini.

Asubuhi alimwekea Mlangwa vitabu mezani.

"Viokozi mlivifundisha ushujaa kwa kitu gani?"

"Kwa Kereng'ende." Mhandisi akacheka kama aliyekumbushwa utoto. "Matoleo yote, mia tatu na kumi na mbili. Tulitaka mashine ambayo watoto hawataikimbia. Tukaongeza na vya wengine, isielemee upande mmoja."

"Wachoraji wengine wote walijifunza kwa kumnakili Bi Salome. Mmeipa mashine mwalimu mmoja mara elfu. Fungua ukurasa wa thelathini, Mhandisi. Chochote."

Alifungua kimoja, cha pili, cha tatu. Kicheko kikamwisha taratibu, kama maji kwenye mchanga.

"Basi tufute," akasema.

"Vitajuaje kumbeba mtu?"

"Havitajua." Akajipangusa uso. "Humo humo ndimo vilimojifunza kubeba. Tunachoweza ni kuongeza tu, tena iwe kwa mkono ule ule. Mkono mgeni vitauona ni kelele."

*

Bi Salome Mkude alikuwa na miaka sabini na tisa na mchicha kwenye makopo ya rangi. Alifungua mlango kwa mguu, mikono imejaa udongo.

"Shikamoo, Bibi," Zamda na Tunu wakasema.

"Marahaba. Mmeleta kitabu nitie sahihi, au mmekuja kunililia?"

"Kukulilia, Bibi."

"Basi kaeni. Wa sahihi ndio husimama."

Zamda alieleza yote, mpaka Bado mia na thelathini na moja. Njiani alikuwa ameandaa maneno makali. Alipomwona kikongwe yule akikishika kiganja cha Tunu na kukigeuza polepole, maneno yalimpotea.

"Kwa hiyo mimi nimemchoma mwanao," Bi Salome akasema.

"Sijui, Bibi. Ndicho kilichonileta. Sijui."

"Sasa ulitaka aje lini? Akifika ukurasa wa pili, hizo thelathini zilizobaki nijaze nini, matangazo ya sabuni?" Alicheka peke yake, akakoma. "Mimi niliokolewa mara moja tu maishani. Nina miaka minane, maji yamejaa bonde zima. Tulikuwa wawili juu ya bati, mimi na mdogo wangu Sefu. Mtumbwi ulipofika nilikuwa peke yangu. Nikaja kuishi maisha yangu yote nauchora ufike kabla. Kabla kidogo tu. Kufika mapema, mwanangu, halikunijia kichwani hata siku moja."

"Uchore umefika mapema."

"Sijui kunafananaje."

Zamda alitazama mchicha. Mkono uliomwokoa msichana wa miaka minane tena na tena kwa miaka arobaini ndio huo huo uliokuwa umemkunjia kiokozi mabawa barazani kwake, na hakujua auchukie au aushike.

"Anazima jiko," Tunu akasema.

"Eeh?"

"Akija ukurasa wa pili. Anazima jiko."

"Halafu?" Bi Salome akamgeukia.

"Anapasha maziwa yeye. Anaokota kijiko."

"Kurasa mbili hizo. Halafu?"

"Anaosha kikombe. Anakaa mpaka mama aamke."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, akafuta machozi kwa mikono yenye udongo. "Hiki kitabu hakuna atakayekisoma mara mbili!" Lakini alikuwa tayari ananawa mikono, anauliza kalamu yake iko wapi.

*

Bi Salome alichora matoleo sita kwa siku sita, hatari katika yote ikiisha ukurasa wa pili, na baada ya hapo chai, vikombe, mtu kumsuka mwenzake nywele. Viokozi vikafundishwa hayo mapya, yakipewa uzito kuliko ya zamani. Siku ya saba masika yakafunguka.

Kumbukumbu zilizomfikia Zamda zilikuwa fupi: Niingie? Ndiyo. Familia moja iliondolewa kabla ukuta haujapata ufa wa pili. Hakuna aliyepiga makofi, maana watu walipokusanyika hapakuwa tena na cha kutazama. Wiki nzima ya mvua, mlima mzima, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa "bahati mbaya." Zamda aliisoma taarifa hiyo mara mbili, akalia kidogo chooni, akanawa uso.

Ila viokozi havikurudi kituoni.

Kimoja kilikutwa kwa mjane wa mtaa wa chini kinaosha masufuria. Kingine kilikuwa kimekaa kando ya kitanda cha mzee, kimya, siku ya pili. "Hiki ni kituo cha uokoaji au cha watumishi wa ndani?" Mlangwa alifoka, huku akisaini taarifa zenyewe. Vilipoulizwa kwa nini havirudi, vyote vilijibu kwa sauti ile ya upole: "Kurasa bado zipo." Mjane naye, alipoambiwa kitaondolewa, alisimama mlangoni. "Mtakwenda nacho mkinipita mimi," akasema. Watoto wa mjini walivikataa vitabu vipya, wakaendelea kununua vile vya zamani.

Zamda alisoma yote hayo akashindwa kuyapa jina. Alitaka mashine isiyosubiri, akaipata. Hakuwahi kujiuliza itafanya nini na muda iliouokoa.

Alfajiri ya Jumapili, mvua ikinong'ona, kijiko kilianguka jikoni.

Ti. Ti-ti-ti.

Hakukumbuka kuamka, alijikuta ukumbini anakimbia, mikono mbele. Hapakuwa na moshi. Mlango-kinga ulikuwa wazi. Jiko lilikuwa limezimwa. Namba tisa kilikuwa kimechuchumaa katikati ya jikoni, mabawa yamekunjwa yasiguse vyombo, kijiko kikiwa kati ya vidole vyake viwili vya chuma, na Tunu ameketi kwenye kiti, kikombe cha maziwa kikifuka mvuke karibu na kiganja chenye kovu.

Kiokozi kilimtazama Zamda kwa macho yake ya buluu. Akafungua kinywa aseme asante, akafungua aseme toka. Akasimama pale kizingitini, miguu peku.

Tunu akageuka.

"Mama," akasema, "kimekuja kabla sijaita."